Waliofika Hospitali, na Wasiofika

Msikilizaji, tarehe 13 Juni 2012 mzee wa miaka 60 alilazwa katika hospitali moja ya mjini Jeddah, Saudi Arabia. Kwa siku saba alikuwa na homa, akikohoa makohozi, pumzi zikimbana. Madaktari walimtibu nimonia. Hali ikazidi, akawekewa mashine ya kupumulia, figo nazo zikaanza kushindwa kazi. Tarehe 24 Juni akafariki dunia.

Nimonia huua wazee kila siku, Jeddah kama Mombasa, na mara nyingi jambo huishia hapo: cheti huandikwa, maiti huzikwa. Safari hii mtaalamu wa virusi wa hospitali ile, Mmisri aitwaye Ali Mohamed Zaki, hakuridhika. Alipima makohozi ya mgonjwa kutafuta mafua, akapima na virusi vingine vinavyojulikana, asipate kitu. Lakini ndani ya vichupa vya maabara, chembe hai alizozitia makohozi yale zilikuwa zinakufa. Kulikuwa na kitu kinaziua. Akapeleka sampuli Rotterdam, Uholanzi, kwa mtafiti wa virusi Ron Fouchier na wenzake, na huko ikabainika kwamba ni kirusi cha korona ambacho hakijawahi kuonekana kwa binadamu. Tarehe 20 Septemba taarifa yake fupi ikatoka kupitia ProMED, mtandao ambao madaktari wa dunia hupashana habari za magonjwa.

Habari ile iliwakuta madaktari wa London wakiwa na mgonjwa wao asiyeeleweka. Alikuwa mtu wa Qatar, miaka 49, aliyekuwa amesafiri Saudi Arabia kabla ya kuugua, naye aliletwa Uingereza kwa ndege ya wagonjwa akiwa mahututi. Wakalinganisha kirusi chake na kile cha Rotterdam. Vilikuwa karibu sawasawa. Kama Zaki angenyamaza, wagonjwa hawa wawili wangebaki kila mmoja na faili lake, katika nchi mbili, bila mtu kujua kwamba ugonjwa wao ni mmoja.

Kisha ikaja habari ya Jordan. Mwezi Aprili mwaka uleule, miezi miwili kabla mzee wa Jeddah hajalazwa, hospitali moja ya mji wa Zarqa ilikumbwa na nimonia ya ajabu. Walioangushwa wengi walikuwa wauguzi wenyewe, na muuguzi mmoja alifariki. Sababu ilitafutwa, haikupatikana, jambo likafungwa. Bahati njema sampuli zilihifadhiwa. Zilipopimwa upya mwezi Novemba, sasa watu wakijua wanachokitafuta, kirusi kikakutwa ni kilekile.

Kwa hiyo mzee wa Jeddah hakuwa wa kwanza kuugua. Alikuwa wa kwanza kuangukia mikononi mwa mtu aliyekataa kufunga faili. Ugonjwa huu ulipewa jina la MERS mwezi Mei 2013, na nataka tuuzungumze leo kwa sababu ya namna wagonjwa wake wa mwanzo walivyosomwa. Kila ugonjwa mpya unapozuka tunaletewa sura ya mgonjwa: umri wake, jinsia yake, maradhi aliyokuwa nayo, amepona au amekufa. Tunaipokea sura hiyo kama sura ya ugonjwa. Mimi naamini kwanza ni sura ya mahali tulipotazama, na kutolitambua hilo kumeshagharimu roho za watu.

Tuitazame sura yenyewe. Katika mwaka wa 2013 madaktari wa Saudi Arabia walikusanya habari za wagonjwa 47 wa kwanza waliothibitishwa nchini mwao na kuzichapisha. Ilikuwa kazi ya heshima, iliyofanywa haraka, na dunia nzima iliitegemea. Kati ya watu 47, wanaume walikuwa 36. Mtoto alikuwa mmoja tu. Waliokuwa na maradhi mengine tangu awali walikuwa 45, yaani karibu wote: wenye kisukari 32, wenye ugonjwa sugu wa figo 23, wenye presha 16, wenye matatizo ya moyo 13. Homa walikuwa nayo 46, kikohozi 39, kubanwa pumzi 34. Robo yao waliharisha. Na waliofariki walikuwa 28, sawa na 6 katika kila 10.

Sasa jiulize, msikilizaji. Ukisikia takwimu hizo redioni, unabaki na picha gani? Ya mzee wa kiume, mwenye kisukari na figo mbovu, ambaye akishaugua ni kifo. Ukiwa kijana mzima unavuta pumzi, unasema hili halinihusu. Ukiwa mgonjwa wa figo unaogopa kutoka nje ya mlango wako.

Hebu tulishike hilo la figo tulifuate linakotoka. Kwa nini karibu nusu ya wagonjwa wawe na ugonjwa sugu wa figo? Jibu kubwa liko mkoa wa mashariki wa Saudi Arabia, mahali panapoitwa Al-Hasa, penye mitende mingi na visima vya kale. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 23 Mei 2013 watu 23 walithibitishwa kuugua huko, na 21 kati yao waliambukizwa ndani ya vituo vya afya, wakiwemo kadhaa katika chumba cha kusafishia damu. Ambaye hajawahi kumsindikiza ndugu yake kusafishwa damu pengine hajui chumba kile kilivyo. Mgonjwa hulala hapo kama saa nne, mara tatu kwa wiki, ubavuni mwa wagonjwa wengine waliounganishwa na mashine zao. Hawezi kusema leo nina homa, naahirisha hadi wiki ijayo, maana bila mashine ile sumu zinajaa mwilini na maisha yako hatarini. Kirusi kilipoingia mle kilikuta watu dhaifu waliopangwa kitanda kwa kitanda, na waliolazimika kurudi. Katika Al-Hasa, hadi katikati ya Juni, 15 kati ya wale 23 walikuwa wamekufa.

Ni kweli kwamba figo mbovu humdhoofisha mtu, na kweli pia kwamba kisukari humpunguzia kinga. Lakini idadi kubwa ile ya wagonjwa wa figo katika hesabu ya taifa zima ilitueleza zaidi habari za chumba kimoja kuliko ilivyotueleza habari za kirusi. Aliyeisoma juujuu alisema, "MERS hupenda wagonjwa wa figo." Aliyeisoma vizuri alipaswa kusema, "Kimbilieni vyumba vya kusafishia damu, tenganisheni vitanda, pimeni kila anayekohoa kabla hajaunganishwa na mashine."

Hivyohivyo kuhusu vifo. Miezi ya mwanzo waliopimwa hasa walikuwa wenye nimonia kali. Aliyeishia kukohoa nyumbani kwake siku tatu hakupimwa, na kwa hiyo hakuwemo katika hesabu. Mvuvi aliyetega jarife hupandisha papa na nguru. Dagaa wamepita zamani katika matundu, na hawezi kusema bahari haina dagaa. Watafiti baadaye waliliona hilo wakatega nyavu za matundu madogo. Walipima damu za watu 10,009 nchini Saudi Arabia, watu wa kawaida kutoka mikoa yote, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kupambana na kirusi. Waliokutwa nazo walikuwa 15. Ni wachache, lakini ukiwazidisha kwa watu wa nchi nzima unapata makadirio ya watu zaidi ya 40,000 waliowahi kukutana na kirusi hicho, ilhali wagonjwa walioandikwa walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Na watu hao walikuwa vijana kuliko wagonjwa wa hospitali, kwa wastani wa takriban miaka kumi.

Utafiti uleule ulipima makundi mawili zaidi: wachunga ngamia 87 na wafanyakazi wa machinjioni 140. Wachungaji 2 na wachinjaji 5 walikuwa na kingamwili. Ukilinganisha na watu wa kawaida, wachungaji walizidi mara 15 na wachinjaji mara 23. Hao ndio watu ambao hawakuwa na nafasi katika ile sura ya mzee mwenye kisukari. Na tunajua ni kina nani wanaofanya kazi hizo katika nchi za Ghuba: aghalabu ni wageni, Msudani, Mpakistani, Mbangladeshi, watu wanaolala jirani na zizi, mbali na hospitali kubwa, na wenye kila sababu ya kunyamaza wakipata homa. Kuna mmoja wao apataye ruhusa ya kwenda kupimwa kwa sababu amekohoa? Hawakuonekana kwa kuwa hakuna aliyewatazama, na hilo linaniuma kwa sababu miongoni mwa wanaovuja jasho Riyadh, Doha na Dubai wamo watoto wa nyumba zetu.

Nimewataja ngamia. Mwanzoni popo ndiye aliyeshukiwa, kwa kuwa virusi vingi vya jamaa hii vimekutwa kwa popo. Kisha mwezi Agosti 2013 ikachapishwa kazi iliyopima damu za ngamia wa Oman, ngamia wa mashindano waliokwisha kustaafu mbio. Walikuwa 50, na wote 50 walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hiki au ndugu yake wa karibu sana. Mwezi Novemba mwaka huohuo mtu mmoja mwenye ngamia tisa alifariki Jeddah. Baadhi ya ngamia wake walikuwa wakitoka kamasi, na siku chache kabla ya kuugua alikuwa akimtia dawa puani mmoja wao. Kirusi kilichotolewa kwa ngamia na kilichotolewa kwa mwenyewe kikawa ni kimoja.

Hapa pana jambo la kimaumbile ambalo likieleweka, mengine yote yananyooka. Kirusi cha MERS huingia mwilini kwa kushika protini iitwayo DPP4. Kwa ngamia, protini hizo zimejaa puani, kwa hiyo ngamia, hasa ndama, hupata mafua mepesi na kumwaga virusi kwa wingi kwenye kamasi. Kwa binadamu ziko chini, ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo binadamu kikimpata sawasawa huugua nimonia nzito, lakini hakisambazi kwa urahisi kwa kupiga chafya tu. Wataalamu walikadiria kwamba kila mgonjwa, kwa wastani, aliambukiza chini ya mtu mmoja. Majumbani, walipofuatiliwa jamaa 280 waliokaa na wagonjwa 26, walioonekana kuambukizwa walikuwa kama 12, na wengi wao hawakuumwa kitu cha kuwalaza.

Ndiyo sababu Hija haikugeuka msiba. Mnamo Julai 2013 wizara ya afya ya Saudi Arabia iliwashauri wazee, wenye maradhi sugu, wajawazito na watoto waahirishe ibada mwaka ule, na hofu ilikuwa kubwa pwani yetu yote. Mamilioni walikusanyika, wakarudi salama.

Hospitali ni kisa kingine. Mgonjwa wa MERS anapoingizwa mpira kooni, anapofyonzwa makohozi kwa mashine, kile kilichokuwa kimejificha chini kabisa ya mapafu kinaletwa juu na kutawanyika chumbani. Muuguzi aliyeinama juu yake anakivuta. Aliyelala kitanda cha pili anakivuta. Rudi sasa Zarqa uwaangalie wauguzi wale. Habari yote ilikuwa wazi pale, Aprili 2012, kabla ya jina, kabla ya Zaki. Katika majira ya kuchipua ya 2014 Jeddah ilipata wagonjwa zaidi ya 200 katika miezi michache, waziri wa afya akaondolewa kazini, watu wakasema kirusi kimebadilika. Kilipochunguzwa hakikuwa kimebadilika. Tatizo lilikuwa mawodi.

Kisha Korea Kusini. Nchi tajiri, yenye hospitali za kupigiwa mfano. Tarehe 4 Mei 2015 mfanyabiashara wa miaka 68 alirejea nyumbani kutoka safari ya Bahrain, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar. Akaugua, akazunguka kliniki na hospitali kadhaa, na hadi tarehe 20 Mei ndipo akathibitishwa. Katika siku hizo alikuwa ameshaambukiza watu wengi. Mmoja wa walioambukizwa, kijana wa miaka 35, alikaa siku tatu katika chumba cha dharura kilichofurika cha hospitali kubwa ya Seoul, na humo peke yake watu zaidi ya 80 wakapata. Jumla walifikia 186, pamoja na mmoja aliyesafiri hadi China, waliokufa 38. Takriban theluthi moja ya walioambukizwa walikuwa jamaa na wageni, maana Korea, kama kwetu, mgonjwa haachwi peke yake: ana mtu wa kumgeuza, wa kumlisha, wa kulala chini ya kitanda chake. Sisemi tuwaache wagonjwa wetu. Nasema sura tuliyoichora kutoka takwimu za Saudi Arabia haikumwonyesha binti anayemuuguza babake, kwa hiyo hakuna aliyemkumbuka kumpa barakoa.

Hadi leo walioandikwa duniani kote wamepita 2,600, katika nchi 27, wengi mno wakiwa wa Saudi Arabia, na zaidi ya theluthi moja yao wamekufa. Naomba nisieleweke vibaya: kusema kwamba hesabu ya vifo vya mwanzo ilikuzwa na wavu tuliotumia si kusema ugonjwa ni mwepesi. Aliyefikishwa hospitali na MERS yuko katika hatari ya kweli, na mpaka sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu.

Nije nyumbani. Ngamia wengi wanaochinjwa Arabuni hutoka upande huu wa bahari. Kwa miaka mingi majahazi na meli zimewapakia Berbera na Bosaso kuwapeleka machinjioni Saudi Arabia. Watafiti walipofungua mafriji wakapima damu za ngamia zilizowekwa tangu zamani, walikuta kingamwili katika sampuli za Somalia za mwaka 1983. Kenya, damu za ngamia 774 zilizokusanywa kati ya 1992 na 2013 zilionyesha kingamwili kwa karibu 3 katika kila 10. Marsabit, upimaji wa mwaka 2013 ulikuta ngamia 9 katika kila 10 nazo. Kwa hiyo kirusi hiki, au ndugu yake, kilikuwa kikizunguka katika malisho ya Pembe ya Afrika angalau miaka 29 kabla ya mzee wa Jeddah.

Na watu je? Wagabra, Warendile, Waborana na Wasomali wanaoishi na ngamia usiku na mchana, wanaokamua alfajiri na kunywa maziwa yakiwa na joto lake? Marsabit walipimwa watu 760. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na kingamwili. Garissa na Tana River walipimwa wafugaji 1,122, wakapatikana 2. Kwa muda mrefu jibu lilionekana kuwa huku kirusi hakiambukizi watu. Kisha wakafuatiliwa wachunga ngamia 262 nchini Kenya, kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2020, wakipimwa mara kwa mara hata wakiwa wazima. Watatu wakakutwa na kirusi chenyewe. Wote watatu hawakuwa na dalili yoyote.

Watatu hao ningependa tuwaweke mbele ya wale 47. Hawakuwa na nimonia, hawakwenda hospitali, na bila mtu kuwafuata malishoni wasingekuwamo katika kitabu chochote. Virusi vya MERS vya Afrika ni vya tawi tofauti na vile vya Arabuni, na maabara zimeonyesha kwamba katika mapafu ya binadamu haviongezeki kwa nguvu kama vya Arabuni. Hiyo inaweza kuwa sehemu ya jibu. Biashara ya ngamia nayo huenda upande mmoja. Wanavuka kwenda, hawarudi, kwa hiyo tawi la Arabuni halijaonekana kuingia huku. Lakini sehemu nyingine ya jibu ni kwamba Wajir au Mandera mzee akifa kwa nimonia hakuna Zaki wa kupima makohozi yake, na maabara iwezayo kumpima iko mbali mno.

Anayeshughulika na ngamia anawe mikono kwa sabuni, ajiepushe na ndama anayetoka kamasi, na maziwa yachemshwe; chai ya maziwa ya ngamia ya Eastleigh, Nairobi, haipungui utamu kwa kuchemka. Anayerudi Umra au kazini Ghuba akipata homa na kubanwa pumzi ndani ya wiki mbili, amwambie daktari alikotoka kabla hajaulizwa. Na kwa hospitali zetu ombi langu ni la matumizi ya kila siku: fomu ya kumpokea mgonjwa wa nimonia iwe na nafasi ya kuandika safari zake na mifugo anayoishi nayo, sampuli za nimonia isiyoeleweka zitunzwe, kama zilivyotunzwa za Zarqa, na katika vyumba vya kusafishia damu, ambavyo sasa tunavyo hata katika miji ya kaunti, anayefika akikohoa apewe barakoa mlangoni na kitanda cha pembeni siku hiyohiyo.